Ukihesabu vifo tu, vijana huwaoni: mzigo wa magonjwa na ajali kwa watu wa miaka 10 hadi 24

Chukua watu watatu. Wa kwanza ni mzee wa miaka 82, moyo ulishachoka, amefariki usingizini. Wa pili ni kijana wa miaka 19, alikuwa amepakiwa kwenye pikipiki, kichwa wazi, lori likawagonga na akakata roho kabla hajafikishwa hospitali. Wa tatu ni binti wa miaka 16 ambaye hajafa wala hana dalili ya kufa, ila huu ni mwezi wa nne sasa kutoka kitandani asubuhi kwake ni vita, chakula hakipiti, shule anaenda kwa kusukumwa, na nyumbani wanasema siku hizi amekuwa mvivu.

Sasa fungua daftari la vifo. Utamkuta mzee mmoja na kijana mmoja, kila mtu mstari wake, sawa kwa sawa, na binti hayumo kabisa. Ndo hivyo dunia ilivyohesabu afya kwa muda mrefu sana, na kwa hesabu hiyo vijana wakaonekana ndo kundi lenye uzima kuliko yote maana kweli mtu wa miaka 15 uwezekano wake wa kufa mwaka huu ni mdogo kuliko wa mtoto mchanga na ni mdogo kuliko wa babu yake. Hela zikafuata hesabu, yaani watoto chini ya miaka 5 na kina mama wajawazito upande huu, watu wazima na presha zao na saratani zao upande ule, na hawa wa katikati wakaachiwa ujana wao uwalinde.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wawili, Christopher Murray na Alan Lopez, wakaja na swali tofauti. Badala ya kuuliza wamekufa wangapi, wakauliza imepotea miaka mingapi ya maisha yenye afya. Benki ya Dunia ikatumia hesabu yao kwenye ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993 na toka hapo kipimo kikaenea, kinaitwa DALY kwa kifupi, na DALY moja maana yake ni mwaka mmoja wa maisha mazima uliopotea. Inapatikana kwa kujumlisha vitu viwili: miaka uliyoikosa kwa sababu umekufa mapema, na miaka uliyoiishi ukiwa mgonjwa au na ulemavu, ambayo inapunguzwa kulingana na ukali wa hali uliyokuwa nayo.

Turudi kwa wale watatu. Tuseme kipimo cha maisha marefu tunayoweza kuyategemea ni kama miaka 86, ambacho ndicho kilitumika kwenye toleo kubwa la hesabu hizi la mwaka 2010. Yule mzee miaka aliyopoteza haifiki hata 10. Yule kijana wa pikipiki amepoteza kama 67, mtu mmoja, ajali moja, miaka 67. Na binti je? Kila hali ya kiafya ina uzito wake kati ya 0 na 1, ambapo 0 ni mzima kabisa na 1 ni sawa na kufa, na sonona kali, yaani ule ugonjwa wa akili unaomlaza binti yetu, imepewa uzito wa karibu 0.66. Kwa hiyo miezi minne ya namna ile ni kama 0.22 ya mwaka, ikiendelea mwaka mzima ni 0.66, na ikimrudia rudia mpaka afike miaka 30 unaona mwenyewe inavyojikusanya. Sasa hivi ameingia kwenye daftari. Mimi hapa ndo nilipoanza kukielewa hiki kipimo, kwamba kimetengenezwa ili huyu binti asipotee.

Kuna mtu atauliza hizo namba za uzito nani kazipanga. Swali zuri sana, na watu walibishana juu yake miaka mingi. Mwanzoni wataalamu ndo walikaa wakapanga, baadaye kwenye lile toleo la 2010 waliulizwa watu wa kawaida zaidi ya 30,000, wengine kwa kufuatwa majumbani kwenye nchi nne (Bangladesh, Indonesia, Peru na Tanzania), wengine kwa simu kule Marekani na wengine kwa mtandao. Unasomewa maelezo ya watu wawili, mmoja ana hali hii mwingine ana hali ile, unaulizwa nani mzima zaidi, basi. Majibu ya watu wengi yakiunganishwa ndo uzito unatoka. Kingine kilichopigiwa kelele ni kwamba matoleo ya zamani mwaka wa mtu wa miaka 25 ulihesabiwa una thamani kuliko mwaka wa mtoto au wa mzee, hicho kikaondolewa, siku hizi mwaka ni mwaka. Hili ni la kujua maana ukiona vijana wanatoka na mzigo mkubwa usidhani ni kwa sababu wamependelewa kwenye fomula.

Haya, hesabu inasemaje. Watu wa miaka 10 hadi 24 duniani ni zaidi ya bilioni 1.8, karibu robo ya watu wote, na wengi mno wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa uchambuzi wa kwanza mpana wa kundi hili, ukitumia takwimu za mwaka 2004, na ukakuta DALY kama milioni 236 kwa mwaka, sawa na asilimia 15.5 ya mzigo wa umri wote. Afrika kiwango chake kilikuwa mara 2.5 ya nchi tajiri. Alafu kuna kitu ambacho kiliwashtua wengi: ukichukua ile sehemu ya pili ya hesabu, miaka ambayo mtu anaishi na ugonjwa bila kufa, asilimia 45 yake ilikuwa matatizo ya akili na ya mfumo wa fahamu, vitu kama sonona, pombe kupita kiasi, magonjwa ya akili yale makali. Ajali zikafuata kwa mbali na asilimia 12, magonjwa ya kuambukiza na ya vimelea 10. Takwimu zimeshasogea toka hapo ila picha yenyewe haijageuka sana.

Upande wa vifo, uchambuzi mwingine wa jarida hilohilo wa mwaka 2009 ulikuta watu milioni 2.6 wa umri huu walikufa mwaka 2004, na 97 kati ya kila 100 walikuwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Na kiwango cha kufa cha wenye miaka 20 hadi 24 kilikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa 10 hadi 14, yaani mtoto anavuka utoto salama, mnashukuru, alafu hatari inaanza kupanda upya kila mwaka. Hii ndo tofauti ambayo watu hawaitegemei maana tumezoea kuamini mtoto akishavuka miaka mitano basi kazi imeisha.

Sasa "kijana" sio kitu kimoja, na hapa makala nyingi zinakosea. Mwenye miaka 11 na mwenye miaka 23 wanaumwa vitu tofauti kabisa. Wa 11 bado yuko karibu na utoto, magonjwa ya kuhara yanampata, malaria inampata, anazama kwenye maji, anaishiwa damu. Wa 17 ameanza kuwa barabarani, ameanza mapenzi, kuna pombe, kuna makundi. Wa 23 ana mambo ya mtu mzima ila ubongo wake bado haujamaliza kukomaa, maana ile sehemu ya mbele inayopima madhara kabla hujatenda inakamilika miaka ya ishirini na kitu, wakati sehemu inayotafuta raha na msisimko imeshawaka toka balehe. Watu wanasema vijana hawajali maisha yao, kiukweli wengi wanajali sana ila kwenye ile sekunde moja ya maamuzi, hasa wenzao wakiwepo wanaangalia, breki inachelewa.

Tuanze na ajali basi, maana hizo ndo zinaongoza kwa kuua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka na ndo chanzo namba moja cha vifo kwa watu wa miaka 5 hadi 29. Namba moja, mbele ya ugonjwa wowote ule. Na wanaokufa wengi sio wenye magari, ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Ila mimi nataka tukae kidogo na wale ambao hawafi, maana kwa kila anayekufa wapo wengi wanaobaki na majeraha.

Kichwa kikigonga lami ubongo unasogea ndani ya fuvu, unagonga mbele unarudi unagonga nyuma. Nje unaweza usione kitu zaidi ya mchubuko. Kijana anaamka siku ya tatu, anatambua watu, anaongea, familia inafurahi anaruhusiwa kwenda nyumbani. Miezi inapita ndo mnagundua hawezi kukaa na kazi moja nusu saa, anasahau alichotumwa akiwa hata hajafika mlangoni, hasira zinampanda kwa kitu kidogo, wengine wanaanza kifafa ambacho hawakuwa nacho. Anaacha chuo. Ana miaka 20 na mbele yake kuna miaka 50 au 60 ya kuishi hivyo, na mara nyingi kuna mama au dada ambaye naye ameacha shughuli zake ili amhudumie, na huyo mama DALY haimhesabu, hapo kipimo kinaishia. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kuvaa helmeti kunapunguza kufa kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Vietnam walipoanza kusimamia sheria ya helmeti kwa wote tarehe 15 Desemba 2007, barabara zilizokuwa zimejaa vichwa wazi zilibadilika ndani ya muda mfupi sana mpaka zaidi ya asilimia 90 ya waendesha pikipiki wakawa wamevaa. Hapakuwa na dawa mpya iliyogunduliwa. Ilikuwa sheria, faini, na polisi barabarani wakiisimamia kwelikweli.

Kuzama nako ni kifo cha umri mdogo, watu kama 300,000 walizama mwaka 2021 na zaidi ya nusu walikuwa chini ya miaka 30. Na mauaji: karibu manne kati ya kila kumi duniani, anayeuawa ana miaka 15 hadi 29, na idadi kubwa sana ni wanaume. Ukichora ramani ya hayo mauaji inakwenda sana Amerika ya Kusini na ya Kati na Karibi, na baadhi ya sehemu za Afrika, kwa hiyo kijana wa kiume wa nchi yenye magenge na silaha nyingi chati yake ya afya haifanani kabisa na ya kijana wa Japani, ingawa wote wana miaka 18 na miili yao ni ileile.

Afya ya akili ndo penye utajiri wa mambo na ndo penye ukimya mkubwa. WHO inakadiria mmoja kati ya kila saba wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la akili. Na matatizo haya yanaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, karibu theluthi yanakuwa yameshaanza kabla ya miaka 14 na karibu nusu kabla ya 18. Fikiria hiyo, miaka 14. Huo ni umri ambao mtoto akisema hajisikii vizuri na hakuna homa wala kikohozi anaambiwa anadeka. Kijana mwenye sonona mara nyingi hata haonekani mwenye huzuni, anaonekana mkali, mvivu, mjeuri, anafeli masomo aliyokuwa anafaulu, anajifungia chumbani. Wasiwasi uliopitiliza nao unakuja kama tumbo kuuma kila asubuhi ya shule, anapelekwa kupimwa minyoo, anapimwa vidonda vya tumbo, majibu safi, anarudishwa shule. Kwa hiyo unakuta tatizo limekaa miaka mingi kabla mtu hajaliita jina lake, na kila mwaka unaopita hesabu inaongezeka.

Kujiua ni chanzo cha tatu cha vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29 duniani kwa takwimu za WHO za 2021. Zaidi ya watu 700,000 wa umri wote kwa mwaka, na karibu robo tatu ni nchi za kipato cha chini na cha kati, wakati wengi wetu tumekaa tukiamini hili ni tatizo la matajiri. Tena hesabu halisi inaweza kuwa juu zaidi. Kuna nchi ambazo kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, kuna aibu, kuna mambo ya mazishi, familia inasema alikunywa dawa kwa bahati mbaya na inaandikwa hivyo.

Hapa nataka niongelee Sri Lanka maana ni stori inayonipa moyo kila nikiikumbuka. Miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na moja ya viwango vya juu kabisa vya kujiua duniani, na njia kubwa ilikuwa dawa za kuulia wadudu shambani, kitu kilichokuwa kwenye kona ya kila nyumba ya mkulima. Serikali haikuweza kutibu huzuni ya nchi nzima, ilichofanya ni kupiga marufuku zile sumu kali zaidi moja baada ya nyingine. Kiwango cha kujiua kikashuka kwa kama asilimia 70, na inakadiriwa maisha 93,000 yaliokolewa kati ya 1995 na 2015. Inawezekanaje? Kwa sababu kwa watu wengi, hasa vijana, ile dhamira kali inakuja kwa ghafla, baada ya ugomvi, baada ya matokeo, na inapita baada ya dakika au masaa. Kilichoko karibu na mkono dakika hiyo ndo kinaamua. Kisipoua, mtu anapata muda, anapata watu, na wengi sana wanaonusurika hawafi kwa njia hiyo baadaye. Kwa hiyo kama kuna mtu ana hali hiyo nyumbani kwenu, kuondoa sumu na vidonge na silaha karibu yake na kumuuliza waziwazi anawaza nini ni msaada wa kweli kabisa. Kumuuliza hakumpi wazo, hilo limeshafanyiwa utafiti.

Tusogee kwenye kitu ambacho hakina kelele kabisa, upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma. Kwenye chati za vijana ugonjwa huu haukosi juu, hasa kwa wasichana, na watu wakiuona pale wanashangaa maana nani amewahi kusikia mtu kafa kwa kukosa madini ya chuma. Ndo ujanja wa kipimo chenyewe. Upungufu wa wastani una uzito mdogo tu, kama 0.05, haufikii hata sehemu moja ya kumi ya sonona kali, lakini ukizidisha kwa mamilioni kwa mamilioni ya wasichana na kwa miaka wanayokaa nao unapata mlima. Kwa karibu unaonekana hivi: msichana amevunja ungo, kila mwezi anapoteza damu, mwili wenyewe bado unakua unataka chuma zaidi, na mlo haumpi. Akipanda ngazi moyo unamdunda, viganja vimepauka, ukimvuta kope la chini ndani ni jeupe badala ya kuwa jekundu, kipindi cha saa nane darasani anasinzia. Mwalimu anamwona msinziaji. Alafu akipata mimba na hali hiyo, kutokwa damu wakati wa kujifungua kwa kiasi ambacho mwenzake angevumilia yeye kunaweza kumuua.

Mimba zenyewe: kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wasichana wa miaka 15 hadi 19 wanapata mimba kama milioni 21 kwa mwaka, karibu nusu hazikupangwa, na watoto kama milioni 12 wanazaliwa. Matatizo ya uzazi kwa miaka mingi yamekuwa miongoni mwa vinavyoua zaidi wasichana wa umri huo. Mama wa chini ya miaka 20 yuko kwenye hatari zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wa 20 hadi 24, nyonga yake inaweza kuwa haijapanuka vya kutosha, uchungu unakwama siku mbili au tatu, na kama hakuna upasuaji karibu anaweza kubaki na fistula, mkojo unavuja muda wote, mume anaondoka, watu wanamkwepa. Huyo naye yuko hai. Kwenye daftari la vifo hayumo.

VVU ni sura nyingine. Dawa za ARV zimefanya watoto waliozaliwa na virusi wakue, wafike sekondari, waingie kwenye mapenzi, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Ila ujana ndo kipindi wanachoacha dawa. Mtoto alikuwa ananyweshwa na bibi kila jioni, sasa yuko bweni anaficha kopo, au ndo juzi tu ameambiwa ukweli kwanini anakunywa na amekasirika na dunia nzima. Vijana wanafubaza virusi kwa kiwango cha chini kuliko watu wazima, na sababu sio ukaidi, ni kwamba kliniki ya watoto imeshamtoa na kliniki ya wakubwa hajaizoea, anakaa foleni na watu wa umri wa baba yake akiogopa jirani atamwona.

Na kuna ugonjwa wa moyo unaoanza na koo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, bakteria, hatibiwi au anatibiwa nusu, kinga ya mwili inapambana na bakteria na inakosea inashambulia valvu za moyo wake mwenyewe. Ikijirudia mara kadhaa valvu zinaharibika, na akiwa na miaka 20 anahema kama mzee. Penisilini inazuia haya yote, dawa ya miaka ya 1940, bei rahisi, na nchi tajiri ugonjwa huu umebaki karibu kuwa historia isipokuwa kwa jamii zao maskini kama wenyeji wa asili wa Australia. Mimi hili linaniuma kuliko mengine kwenye orodha yote.

Mpaka hapa tumeongelea mzigo unaoonekana wakati wa ujana. Kuna mwingine unapandwa ujanani unavunwa ukubwani, na chati za umri wa 10 hadi 24 hazikuonyeshi. Marekani karibu 9 kati ya 10 ya watu wazima wanaovuta sigara kila siku walijaribu mara ya kwanza kabla ya kufika 18. Saratani ya mapafu itaandikwa kwenye mstari wa umri wa miaka 60 lakini uamuzi ulifanyika darasa la nane. Unene nao, mwaka 2022 WHO ilikadiria watoto na vijana milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 wana uzito uliozidi, milioni 160 kati yao unene uliopitiliza, na wanne kati ya watano wa miaka 11 hadi 17 hawafanyi mazoezi ya kutosha. Pombe kwenye ule uchambuzi wa 2011 ndo ilikuwa kihatarishi namba moja cha mzigo wa vijana wenyewe, asilimia 7, ngono isiyo salama ikafuata na 4.

Sasa ukiniuliza hizi namba ni za uhakika kiasi gani, jibu ni kwamba inategemea nchi, na vijana ndo wenye takwimu mbovu kuliko wote. Nchi nyingi vifo havisajiliwi vyote, kwa hiyo watafiti wanakwenda nyumba hadi nyumba wanauliza ndugu marehemu aliumwaje, alikuwa na homa, alikohoa, aligongwa na gari, kisha wanakadiria chanzo. Zile tafiti kubwa za kaya zinamhoji mwanamke wa miaka 15 hadi 49 kuhusu watoto aliozaa, hivyo vifo vya watoto wadogo vinajulikana vizuri. Mwenye miaka 12? Hahojiwi, ni mdogo mno. Na haingii kwenye kadi ya kliniki, ni mkubwa mno. Pengo hilo linazibwa na makadirio ya kompyuta, ndo maana kila namba ya heshima inakuja na kiwango cha chini na cha juu, na ndo maana WHO na ile taasisi ya Seattle inayotoa hesabu hizi, IHME, wakati mwingine wanatofautiana.

Vifo vya watoto chini ya miaka 5 vimeshuka kutoka zaidi ya milioni 12 mwaka 1990 hadi milioni 4.9 mwaka 2022. Hiyo ni kazi kubwa ya binadamu, chanjo, vyandarua, maji ya chumvi na sukari. Mwaka huohuo wa 2022 watu milioni 2.1 wa miaka 5 hadi 24 walikufa, na huko kasi ya kushuka haijawa ileile, kwa sababu vinavyowaua na kuwaumiza havipo kliniki. Viko barabarani, viko kwenye maji, shuleni, kwenye ndoa za utotoni, dukani kwenye pombe na sigara, chumbani mlango ukiwa umefungwa. Waziri wa afya peke yake hana mamlaka juu ya hata nusu ya hivyo, barabara ni wizara nyingine, shule ni nyingine, sumu za shambani ni nyingine.

Na kijana akija kliniki mwenyewe anakuta nini? Mara nyingi anaambiwa aje na mzazi. Kama amekuja kwa ajili ya kondomu au kwa sababu ameanza kusikia sauti, mzazi ndo mtu wa mwisho anayetaka ajue. Nesi anamwuliza kwa sauti mbele ya watu umri wake na amekuja kufanya nini. Anageuka anaondoka, na kwenye ripoti ya mwezi inasomeka vijana hawana mwamko wa kutafuta huduma.

Vinavyofanya kazi vipo na vingi havihitaji ugunduzi mpya. New Zealand toka 1987 leseni ya kijana inakuja kwa hatua, kwanza na msimamizi, baadaye peke yake bila usiku na bila kubeba wenzake, mwisho ndo anaachiwa barabara. Kodi ya tumbaku inawagusa vijana zaidi ya wakubwa maana mifuko yao ni mifupi. Na chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoidhinishwa mara ya kwanza 2006, toka mwisho wa 2022 WHO imekubali dozi moja tu inaweza kutosha kwa wasichana, na lengo ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza 15. Saratani ya mlango wa kizazi iliua wanawake kama 350,000 mwaka 2022. Binti wa miaka 12 anakunja mkono wa sare, anafumba macho, sindano inaingia inatoka, anapewa pamba aikandamize na kurudi darasani, na faida ya ile sindano itakuja kuonekana kwenye mstari wa wanawake wa miaka 45 au 50, miaka thelathini na kitu baadaye, kwenye chati ambayo wala hazungumzwi kijana.